Siku Tuliyopima Mzigo wa Kuzhali

Baraza langu linatazama mtaa, na mtaa huu wa Kumbakonam hauna siri kwa mtu mwenye subira. Saa kumi alasiri, kahawa ikishachuja, wanakuja wale wale. Anatangulia Rangarajan, tunayemwita Nusu Daktari, kwa kuwa alifunga watu vidonda katika zahanati miaka thelathini na mmoja na mpaka leo hajakubali kwamba hakusomea. Anafuata Pankajam, Bi Mizani, aliyepima mchele na sukari katika duka la mgao hadi akastaafu. Ukimpa mtoto mchanga ampakate, atakutajia kilo zake kabla hajasema kafanana na nani. Wa mwisho ni Ekambaram, Shahidi, ambaye riziki yake yote aliipata kwa kukaa kwenye ukumbi wa mahakama akimngoja mwenye kesi iliyopungukiwa na mtu wa kuona. Mimi wananiita Bibi Dirisha, na sijawahi kuwauliza kwa nini. Naimimina kahawa kutoka juu, kikombe cha shaba mpaka kibakuli chake na kurudi, hadi itoe povu, halafu nakaa. Jumatano hiyo mjadala ulikuwa tayari umeshakaa kabla yetu: nyumba ya mkabala, nyumba ya Kuzhali.

Kuzhali ana miaka arobaini na sita. Mumewe anaendesha lori la kwenda Andhra, na nyumbani hulala usiku mmoja katika sita. Baba mkwe wake, mzee Dorairaj, alikuwa mpishi wa harusi. Kisukari kimekaa naye mwaka wa kumi na tisa, na mguuni ana kidonda kilichokataa kufunga tangu mvua za mwaka jana. Sindano asubuhi, sindano jioni, kidole kutobolewa, kidonda kuoshwa, wali kupimwa kwa kikombe, mzee kunyanyuliwa mpaka msalani na kurudishwa. Vyote hivyo ni Kuzhali, mwaka wa sita sasa. Na sasa binti yake, Yazhini, ana mimba huko Trichy alikoolewa. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama: mjamzito akishavishwa bangili za kioo, mama yake anamchukua. Bangili zilikuwa Jumapili ya wiki inayofuata. Lakini wakwe wa Trichy walikuwa wametuma neno kwamba katika nyumba yenye kidonda kibichi na mwanamke mmoja wa kufanya kila kitu, wao hawampeleki mke wa mtoto wao. Yazhini angezalia ukweni, na Kuzhali angebaki kusimuliwa kwa simu.

Njia ilikuwa moja. Chuo kimoja cha wauguzi kilikuwa kinapita mitaani kupima mizigo ya watu wanaouguza ndugu zao wenye kisukari. Maswali yalikuwa mengi, na kila jibu lina alama, kuanzia sifuri kwa kamwe hadi nne kwa daima. Anayefika hamsini analetewa muuguzi nyumbani siku tatu kwa wiki, miezi mitatu. Trichy walisema muuguzi akiingia mlango huu, Yazhini anaingia mlango huo huo.

Kuzhali alipata kumi na tisa.

Mimi nilishuhudia. Sikuwa ndani, nilikuwa kwangu, ila dirisha langu na la kwao yanafahamiana. Binti wa chuo alimwuliza maswali yote mbele ya mzee, mzee kalala hatua mbili kutoka hapo. Je, unachoka mpaka unatamani kulia? Kuzhali akasema kamwe. Je, unahisi maisha yako yamesimama? Kamwe. Kwetu huduma ya mkwe haitajwi uzito; ukiutaja, thawabu inamwagika na kijicho kinapata pa kuingilia. Mengine mzee aliyajibu mwenyewe. Kuzhali alipoulizwa kama anapata usingizi, mzee alisema andika anapata, maana yeye kila akimwita usiku humkuta kalala. Hizo kumi na tisa zenyewe zilitoka kwenye maswali ya kumhusu mume, wakati mzee kasinzia.

— Kumi na tisa, akasema Bi Mizani. Hiyo ni alama ya paka wa nyumba ile.

Shahidi alisema yeye haoni la ajabu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wahenga walishapima zamani wakaona ni mwepesi, sasa chuo kinapima nini tena?

— Shahidi, maneno hayo yanakusema wewe unayetazama, nikamwambia. Hayamsemi anayebeba.

— Nimeyasema mahakamani mara tatu, Bibi Dirisha, na hakimu hakunipinga.

— Ulishinda kesi?

— Hakunipinga, nimesema.

Bi Mizani alitaka kujua hilo kanda la usufi lilikuwa la kilo ngapi. Alipoona hakuna ajuaye, akasema ndiyo shida ya wahenga, wanasema bila mizani. Akaweka kikombe chini na kuanza hesabu zake kwenye vidole. Mzee Dorairaj ni kilo sitini na nane, ukiondoa kidole cha mguu alichokatwa. Ananyanyuliwa mara nne kwa siku. Kwa mwaka hizo ni tani tisini na tisa na ushei. Ndovu wa hekalu ana tani nne.

— Kuzhali ananyanyua ndovu wawili kila mwezi, akasema, halafu anaandika kamwe.

— Na ndovu mwenyewe analalamika chumvi imepungua, nikaongeza, maana hilo nalisikia kila siku.

Nusu Daktari alikuwa anangoja zamu yake kama mtu aliyeshika tikiti. Alisema kunyanyua ni kazi ya kuli, si mzigo wa kuuguza. Mzigo wa kuuguza uko kwenye damu. Anayemwuguza mwenye sukari naye hupata sukari, kwa sababu wasiwasi hushuka moja kwa moja mpaka kwenye kongosho. Kwa hiyo fomu zitupwe, Kuzhali atobolewe kidole, na chochote kitakachozidi mia moja kiandikwe kuwa ni mzigo.

— Damu nzito kuliko maji, akasema. Ndiyo maana sukari inaelea juu, haizami.

— Kuzhali si damu yake, ni mkwe, akasema Bi Mizani.

— Basi hapo ndipo hatari ilipo.

Hakuishia hapo. Alieleza kwamba kila sindano unayomchoma mwenzio hukurudishia nusu yake. Kwa siku ni mbili, kwa mwaka mia saba na thelathini, kwa miaka sita zaidi ya elfu nne. Basi elfu mbili na zaidi zimo mwilini mwa Kuzhali. Sumaku ya nguvu ingezionyesha. Shahidi akauliza kama sumaku hiyo chuo wanayo. Nusu Daktari akasema wakipenda kupima kweli watainunua.

Nikawakumbusha kwamba binti wa chuo alikuwa anarudi siku hiyo hiyo, jioni hiyo, na kwamba baada ya hapo daftari lingefungwa. Kuzhali alishaniambia asubuhi akitupa maji ya kidonda. Aliniambia kwa sauti ile ile anayoulizia bei ya bilinganya. Nilimwambia safari hii ajibu ukweli. Akasema, "Bibi, nitaanzia wapi, na yeye ananisikia?"

Basi Shahidi akatoa shauri lake, na kwa mtu wa kazi yake lilikuwa shauri la heshima. Kuzhali azimie. Binti akifika mlangoni, Kuzhali aanguke taratibu, upande wa kulia, ambako hakuna jiwe la kusagia. Yeye mwenyewe alishazimia katika kesi tatu na angeweza kumfundisha kwa dakika kumi. Hakuna fomu duniani inayoweza kumpa mtu aliyelala chini alama kumi na tisa.

— Sindano ya mzee ni saa kumi na mbili, akasema Bi Mizani. Akizimia, nani atachoma?

— Azimie saa kumi na moja, saa kumi na mbili kasoro robo awe ameamka.

— Na wali uko jikoni.

— Azimie baada ya kuuepua, basi. Nyie mnataka nini?

Ndipo Bi Mizani akatoa neno ambalo hata mimi lilinishika. Hekaluni kwetu ipo mizani kubwa ya kuwekea nadhiri: mtu anakaa kwenye sahani moja, sahani nyingine inajazwa sukari guru mpaka zilingane, na sukari ile inabaki kwa Mungu. Mwaka juzi, mguu wa mzee uliponusurika kukatwa wote, Kuzhali ndiye aliyekaa kwenye mizani ile. Bi Mizani aliisoma kwa macho yake: kilo sitini na moja.

— Tumpandishe tena leo, tupeleke kilo zile zile sitini na moja. Sukari guru itakayobaki chini, isiyohitajika kumlinganisha, ndiyo mzigo wenyewe. Binti wa chuo aje aandike kilo, aachane na kamwe na daima.

Tukatazamana. Lilikuwa na akili, na baraza halikuzoea. Tangu mwaka juzi Kuzhali amekonda mpaka blauzi zake anazibana kwa pini, kila mtu anaona. Shahidi akasema angeenda kuapa mbele ya mizani. Nusu Daktari akasema atasimamia kitaalamu. Tukawa tumeinua miguu tayari.

— Na mzee atabaki na nani? Nusu Daktari akauliza.

Hoja ikafa hapo hapo. Kila mmoja alisikitika kwa kweli, tukarudi kwenye vikombe.

Binti alifika saa kumi na moja kasoro, na baiskeli. Jina lake Jesintha, mwembamba, sare nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, miwani inateleza puani kwa jasho. Hakwenda kwa Kuzhali. Alikuja moja kwa moja barazani, akakutanisha viganja kutuamkia, akakaa ukingoni kama mtu asiyetaka kuchafua. Nikampa kahawa. Alisema mwalimu wake ameitazama ile kumi na tisa akacheka, kisha hakucheka tena, kwa sababu mtu anayeuguza kidonda mwaka mzima hawezi kuwa na alama kumi na tisa. Lakini chuo hakiwezi kubadili majibu ya mtu. Ipo sehemu ya pili ya fomu, maswali manane, ambayo hawaulizwi walio ndani. Wanaulizwa majirani.

Nusu Daktari akajiweka sawa. Shahidi akapangusa mdomo. Miaka yote hii hatujawahi kuulizwa kitu na chuo.

— Swali la kwanza ni rahisi, wazee wangu, akasema Jesintha. Mara ya mwisho mmoja wenu kukaa na mzee Dorairaj, ili Kuzhali apate kutoka, ilikuwa lini?

Shahidi alisema mara nyingi. Jesintha akasema anaomba siku moja tu, aiandike. Shahidi ambaye alikuwa na tarehe ya kila ajali iliyopata kutokea wilaya hii, na nyingine ambazo hazikutokea, akatazama juu. Nusu Daktari akasema yeye huuliza hali ya kidonda kila siku. Kutokea hapa barazani? Jesintha akauliza. Ndiyo, kutokea hapa, ana sauti ya kutosha. Bi Mizani akaanza kusema ile siku ya mafuriko, akakumbuka siku ya mafuriko sote tulikuwa juu ya dari zetu. Mimi nikainuka kuangalia moto. Moto haukuwa na neno.

— Niandike kamwe? akauliza Jesintha.

Akaandika.

Yaliyofuata yalikuwa na uso huo huo. Nani alishamnyanyua mzee. Nani alishakwenda kumchukulia dawa. Nani anajua kuchoma sindano, na hapo tulimgeukia Nusu Daktari, naye akasema leseni hairuhusu. Nani amewahi kumwuliza Kuzhali, yeye mwenyewe, hali yake. Hilo nililidaka, nikasema mimi, asubuhi hii hii. Jesintha akauliza nilimwuliza nini. Nikafikiri. Nilimwuliza alama zimefikaje. Kufika swali la saba Shahidi alikuwa anatazama nyayo zake, na kahawa yake imeota ngozi juu.

Bi Mizani hawezi kukaa mbele ya hesabu bila kuuliza jumla.

— Mwanangu, hizo sifuri zetu saba umezipeleka wapi?

— Si sifuri, Bibi. Huku inahesabiwa kinyume. Jirani akisema kamwe, mzigo wa mwenye mgonjwa unaongezeka nne.

— Saba mara nne, ishirini na nane. Na kumi na tisa.

— Arobaini na saba, akasema Jesintha.

Nyuso zikainuka moja moja. Sijui niielezeje. Kila tulichoacha kufanya kwa miaka sita kilikuwa kimekaa upande wa Kuzhali kama akiba. Shahidi akamalizia kahawa yake na ngozi yake. Zimebaki tatu, akasema, na swali limebaki moja, swali liletwe.

— La nane. Je, kuna wakati mnampa mzee kitu ambacho daktari amemkataza?

Shahidi akashusha kikombe.

— Kamwe, akasema Nusu Daktari. Mimi ni mtu wa zahanati.

— Hilo halihesabiwi kinyume, akasema Jesintha. Kamwe hapa ni sifuri.

Alifunga kifuniko cha kalamu nusu, akangoja. Ng'ambo ya mtaa, Kuzhali alikuwa anaanua vitambaa vya kidonda kwenye kamba.

Shahidi akakohoa. Akasema sasa, kitu ni nini? Sisi vitu hatumpi. Siku ya Ijumaa, tukitoka hekaluni, wali wa baraka ukibaki kwenye jani, mtu akipita kwa mgonjwa ataupitisha vipi mbali? Mkono mtupu haulambwi.

— Wali mtamu? akauliza Jesintha. Wa sukari guru na samli?

— Wa baraka, akasema Nusu Daktari. Baraka haina sukari, binti. Ikishafika mbele ya Mungu, si chakula tena. Hata kuikataa ni dhambi.

— Sukari yake ya Jumamosi huwa mia tatu na zaidi. Imeandikwa humu, kwenye nakala ya vipimo vya nyumbani, kila Jumamosi, na Kuzhali ameandika pembeni hajui sababu. Anampunguzia wali wa usiku. Kidonda hakiulizi sukari imetoka hekalu gani.

Alisema bila kupandisha sauti, kama anayesoma saa ya basi. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mimi nilitazama jani moja la ndizi lililokuwa limekaukia pembeni ya mtaro. Kuzhali alikuwa anakesha usiku wa Ijumaa akimwangalia mzee anavyotapatapa kwa kiu na mkojo, na sisi tulikuwa tumelala tukiwa na thawabu zetu.

— Basi andika nadra, akasema Nusu Daktari, polepole.

— Nadra ni moja. Arobaini na nane.

— Mgonjwa haulizwi uji, akasema Shahidi. Andika mara nyingine.

— Mbili. Arobaini na tisa.

Yule mtu aliyeapa juu ya ajali asizoziona alikuwa anatoka jasho kwa jambo alilolifanya kwa mkono wake. Nikamwona anatafuta maneno. Mimi nilikuwa nayo, ila yalikuwa mazito. Bi Mizani ndiye aliyeweka kikombe chini.

— Kila Ijumaa, akasema. Kila Ijumaa moja, tangu mwaka juzi. Tunapokezana, na zamu zipo. Jani moja ni gramu mia na themanini, mkono wangu haukosei. Bibi Dirisha huongeza korosho.

— Huongeza, nikasema.

— Daima? akauliza Jesintha.

— Daima.

Akaandika nne. Akajumlisha mara mbili, kidole kikishuka mstari kwa mstari, akaizungushia duara. Hamsini na moja.

Alimaliza kahawa yake, akanishukuru, akasema Ijumaa hii jani lisivuke mtaa. Kisha akavuka yeye. Tulimwona anaongea na Kuzhali chini ya kamba ya vitambaa. Kuzhali hakulia wala kucheka. Alivikusanya vitambaa vyote kifuani, akavikunja kimoja kimoja, akaviweka mlangoni, ndipo akaingia ndani na kutoka na simu. Sauti yake tuliisikia, sisi tuna masikio. "Mwambie mama mkwe wako muuguzi anaanza Jumatatu. Ukishavaa bangili, njoo. Lete na ile shuka yako ya njano." Halafu akakaa kwenye ngazi ya mlango wake, simu mapajani. Miaka sita nimekaa mbele ya mlango ule, sijawahi kuiona ngazi ile na mtu juu yake saa kama hiyo.

Barazani tulikuwa tunapongezana kwa chini chini. Jesintha alipopita na baiskeli, Shahidi alimsimamisha akamwuliza kama hesabu itarudiwa. Akasema ndiyo, baada ya miezi mitatu, maana pengine muuguzi ataongezewa muda, na majirani wataulizwa tena yale saba ya mwanzo. Akaenda zake. Shahidi akatugeukia na uso wa mwanasheria.

— Mmesikia. Ni alama moja tu juu ya hamsini. Mmoja wetu akijitia wema hapa katikati, akamkalia mzee hata nusu saa, arobaini na saba inarudi. Yazhini atakuwa na mtoto wa wiki ngapi hapo? Muuguzi anaondolewa mikononi mwetu.

Nusu Daktari alisema hilo ni kweli kitaalamu. Nilimimina kilichobaki, kila mmoja kidogo.

Ndani ya nyumba ile mzee akaita. Kuzhali alikuwa kaegemeza kichwa kwenye fremu ya mlango, macho kafumba. Mzee akaita tena, kwa ile sauti ya mtu anayetaka kupelekwa msalani. Bi Mizani akashika ukingo wa baraza, akajiinua nusu.

— Kaa, akasema Shahidi, kamshika ncha ya sari. Utaiharibu hesabu.

Bi Mizani akabaki hapo, hajakaa na hajasimama. Mzee akaita mara ya tatu. Kuzhali akafumbua macho, akaweka simu juu ya vitambaa, akainuka.